Tani 320 kwenye mwinuko wa nyuzi 40: kisa cha Werner Herzog nchini Peru

Iquitos ni mji wa Peru usiofikika kwa barabara. Mtu huingia kwa ndege au kwa meli ya mtoni, na kila pipa la dizeli, kila kapi na kila mkebe wa filamu hupita njia hizo hizo mbili. Mwaka 1979 Werner Herzog, mwongozaji wa filamu wa Kijerumani aliyezaliwa Munich mwaka 1942, alifika huko kuandaa filamu ya Fitzcarraldo. Alimaliza kupiga picha Novemba 1981. Kati ya miaka hiyo kambi yake ilichomwa moto, mwigizaji mkuu aliugua akaondoka, mhandisi wake alijiuzulu, ndege ndogo mbili zilianguka, na meli ya chuma yenye uzito wa tani 320 ilivutwa ikiwa nzima hadi juu ya kilima kinachotenganisha mito miwili.

Wengi wakikisimulia kisa hiki huanza na meli na kuishia na meli. Sisi tunaona meli ilikuwa sehemu yake iliyo rahisi kueleweka. Uzito unapimika, mwinuko unapimika, na asiyetaka kupiga hesabu hizo hujibiwa na waya unaokatika. Ardhi ya watu haipimiki hivyo, na kazi nzima nusura ife kwa sababu ya ardhi kabla hata kamera haijafunguliwa.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Katika filamu, mtu mmoja mpenda opera anataka kujenga jumba la opera Iquitos enzi za biashara ya mpira. Fedha hana. Anapata haki ya kugema mpira kwenye eneo ambalo hakuna aliyelifikia kwa chombo, kwa kuwa mto wake umezibwa na mikondo mikali. Anagundua kwamba mto wa jirani unapita karibu sana na eneo hilo, kilima kimoja tu katikati. Basi anaupanda mto huo wa jirani, anaipandisha meli kilimani na kuishusha upande wa pili.

Chanzo chake ni mtu halisi: Carlos Fermín Fitzcarrald, tajiri wa mpira wa Peru aliyekufa maji mwaka 1897. Naye alivusha meli nchi kavu kutoka mto hadi mto. Lakini meli yake ilikuwa ndogo, ya tani 30 hivi, na aliifungua vipande kabla ya kuibebesha watu. Ndivyo inavyofanywa tangu zamani. Watu wa Kigoma wana mfano wao unaoelea mbele ya macho yao: meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Ziwa Tanganyika, ikaungwa tena na kushuliwa mwaka 1915. Leo inaitwa Liemba. Mzigo mkubwa hugawanywa mpaka kila kipande kiwe na mbebaji wake.

Herzog alikataa kuigawanya meli. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa wa studio moja ya Hollywood walimwambia atumie meli ya plastiki katika bustani ya mimea ya San Diego. Alikataa na hilo pia, na kwa upande wa picha tunaona alikuwa sahihi kabisa. Meli ya mfano, hata iundwe vizuri namna gani, hufichuliwa na maji na tope: tone la maji halipungui ukubwa kwa sababu meli imepunguzwa, na tope linalokandamizwa na tani mia tatu hutoka pembeni kwa namna ambayo mfano wa mezani hauwezi kuiiga. Kompyuta za kutengeneza picha kama hizo mwaka 1981 hazikuwapo. Aliyetaka mtazamaji aamini alichokiona alilazimika kukifanya.

Bei ya uamuzi huo ilianza kulipwa mapema. Ilihitajika meli kuukuu ya mtoni ya kutumia kama kiolezo. Ilipatikana Colombia, imeoza chini, ikajazwa mapipa matupu tumboni ili iweze kuelea na kuvutwa hadi Iquitos. Kutoka kwake ziliundwa meli pacha mbili za chuma. Pacha, kwa sababu moja ingekwama kilimani kwa miezi wakati nyingine inahitajika kwenye mikondo mikali, na kwa sababu meli unayoipeleka kwenye mawe huna hakika ya kuirudisha. Mtu anayepanga kazi ya namna hii asipohesabu chombo cha pili anakuwa ameweka filamu yote juu ya bati moja la chuma.

Wawaim

Mahali pa kwanza palipochaguliwa ni Wawaim, kaskazini, karibu na mto Marañón na mpaka wa Ecuador. Hiyo ni nchi ya Waaguaruna, ambao wenyewe hujiita Awajún. Kijiografia palifaa: mito miwili inayokaribiana, msitu mzito, kilima. Kampuni ya filamu ilifanya mapatano na baadhi ya wakazi, ikajenga kambi.

Tatizo lilianzia kwenye neno "baadhi". Miaka michache nyuma, mwaka 1974, Peru ilikuwa imepitisha sheria iliyotambua jamii za asili za Amazoni kama wamiliki wa pamoja wa ardhi zao. Waaguaruna na majirani zao Wahuambisa hawakukaa wakangoja: mwaka 1977 waliunda baraza lao, Consejo Aguaruna y Huambisa, kwa kusudi hasa la kulinda ardhi na kusema kwa sauti moja mbele ya serikali na kampuni. Baraza hilo lilisema hapana. Kwa baraza, mapatano na wachache wa kijiji kimoja hayakuwa mapatano. Kwa kampuni, waliokubali wapo na kazi iendelee.

Ongeza hapo hali ya eneo lenyewe. Bomba la mafuta la kaskazini mwa Peru lilikuwa limekwisha kupita katika nchi hiyo, na wageni wenye mitambo walikuwa wamekwisha kujulikana kwa matendo yao. Wanajeshi walikuwa wengi kwa ajili ya mpaka. Vita vya Paquisha kati ya Peru na Ecuador vilikuja kuzuka huko huko Januari 1981. Katika mazingira ya namna hiyo, Mzungu anayesema amekuja kuvuta meli juu ya kilima kwa ajili ya filamu anasikika kama mtu anayeficha jambo. Uvumi ukaenea: kwamba watachimba mfereji kuunganisha mito, kwamba wanaingiza silaha, kwamba wanakuja kuangamiza watu. Zilizungushwa hata picha za maiti za kambi za Wanazi, wakaambiwa hayo ndiyo mambo ya Wajerumani.

Tarehe 1 Desemba 1979 watu wa Aguaruna waliizingira kambi, wakawaambia waliobaki waondoke, wakaichoma. Hakuna aliyeuawa. Kazi ya miezi ikawa majivu.

Herzog daima ameeleza kwamba alichafuliwa jina na wanasiasa wa nje na kwamba madai mengi dhidi yake yalikuwa ya uongo. Mengi kweli yalikuwa ya uongo. Lakini uvumi haukupata nguvu kwa sababu watu ni wepesi wa kuamini. Ulipata nguvu kwa sababu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo alikuwa amekwisha kusema hapana, na kambi ikaendelea kusimama. Kibali cha Lima kinakuruhusu kuingiza kamera nchini. Hakikupi kilima. Mpangaji mwenye uzoefu angeanza na maswali haya kabla ya kukata gogo la kwanza: ni chombo gani kinachotambuliwa na jamii yenyewe kuisemea? Kimekaa kikao? Mkataba umesomwa kwa lugha yao, mbele ya wanaoupinga pia? Ramani inaonyesha mti upi utakatwa, mto upi utatiwa dizeli, na tarehe ya kuondoka? Miezi miwili ya vikao ingekuwa nafuu kuliko mwaka mzima na ushee wa kutafuta mahali papya.

Iquitos, Januari hadi Aprili 1981

Upigaji picha ulianza Iquitos Januari 1981, Jason Robards akiwa Fitzcarraldo, Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones, akiwa msaidizi wake aitwaye Wilbur, na Claudia Cardinale akiwa Molly, mwenye danguro anayelipia meli. Baada ya wiki kadhaa, filamu ikiwa imefika karibu asilimia 40, Robards alishikwa na kuhara damu kwa amiba. Alirudi Marekani, na madaktari wake wakamkataza kurejea msituni. Jagger alikuwa na ahadi ya ziara ya bendi yake, hakuweza kungoja.

Asilimia 40 hiyo haikufaa tena. Huwezi kumbadilisha mtu aliye katikati ya kila fremu. Herzog alimwondoa kabisa Wilbur kwenye hadithi kwa kuwa hakuona wa kuichukua nafasi ya Jagger, akamwita Klaus Kinski, na Aprili akaanza upya tangu picha ya kwanza. Alipoulizwa na waliotoa fedha kama kweli ana nguvu ya kuendelea, alijibu kwamba akiiacha kazi hiyo atakuwa mtu asiye na ndoto.

Kinski alikuja na faida moja na hasara moja, zote zikijulikana. Faida: alikwisha kufanya kazi na Herzog katika msitu huo huo wa Peru mwaka 1972. Hasara: ghadhabu zake. Alipiga kelele juu ya chakula, juu ya mavazi, juu ya chochote, kwa saa nzima, mbele ya mamia ya waigizaji wa kujazia ambao kwao mtu mzima kupaza sauti hivyo ni jambo la kutisha. Anayeajiri mtu wa aina hiyo kwenye kambi isiyo na mlango wa kutokea anamwajiri kwa niaba ya kila mtu aliye kambini.

Lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo iliyokutanisha waigizaji kutoka nchi mbalimbali. Toleo la Kijerumani lilitiwa sauti baadaye. Amri za seti zilipita Kijerumani, Kiingereza, Kihispania, kisha Kimachiguenga au Kiasháninka, lugha za wenyeji wa msituni. Onyo la "toka hapo!" likipita lugha tatu, waya umekwisha kukatika.

Kilima cha Camisea

Mahali papya palikuwa mamia mengi ya kilomita kusini, ambapo mto Camisea unakaribiana na mto Urubamba na kilima kinasimama katikati. Hapa tukae, maana hapa ndipo kuna hesabu.

Mhandisi aliyeajiriwa, Laplace Martins kutoka Brazil, alipanga mfumo wake kwa mwinuko wa nyuzi 20. Herzog alitaka 40. Tazama tofauti yake. Nguvu inayoivuta meli chini ya mteremko ni uzito wake mara saini (sine ya hisabati) ya pembe ya mteremko. Kwa tani 320 kwenye nyuzi 20, ni kama tani 109. Kwenye nyuzi 40 ni kama tani 206. Pembe imezidishwa mara mbili, na mzigo umekaribia kuzidishwa mara mbili, kabla hujaongeza msuguano. Kama magogo yaliyotandikwa yanateleza vizuri, chukua sehemu moja ya tano ya uzito unaolala juu yake. Kwenye nyuzi 40 hiyo ni kama tani 49. Jumla inafika tani 255. Magogo yakizama kwenye tope, na kule Camisea huzama, msuguano hupanda na hakuna ajuaye utaishia wapi.

Sasa vuta tani 255. Buldoza, hata iwe kubwa kama ile Caterpillar iliyofikishwa pale kwa shida, kwa kawaida haivuti zaidi ya uzito wake, nao ni makumi machache ya tani. Kwenye udongo uliolowa minyororo huzunguka bure na huvuta nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo unahitaji makapi. Ukipitisha waya mara kumi kati ya kapi lililofungwa na kapi linalosogea, kwa nadharia mzigo unagawanyika kwa kumi. Kwa kweli kila gurudumu la kapi hula sehemu yake, na unabaki na mara nane hivi. Tani 255 kwa nane ni tani 32 kwenye ncha unayoivuta, bado nyingi kwa buldoza moja kwenye tope. Hivyo unagawa mzigo kwenye seti kadhaa za makapi, na kila seti ina nanga yake, kulabu yake na pingu yake, kila kimoja kikiwa mahali pa kukatikia. Halafu kuna bei ya pili: kwa makapi ya kumi, meli ikipanda mita 1 umevuta mita 10 za waya. Ndiyo maana kazi ile ilikwenda kwa hatua ndogo, kila hatua ikifuatiwa na kufunga kabari, kurudisha makapi, kukaza upya.

Katika filamu unaona watu wakizungusha vinara vya mbao, yaani ngoma za kukunjia waya, mikono juu ya miti mirefu. Hilo si pambo tupu. Chukua kinara chenye mti wa kusukumia wa mita 2 na ngoma yenye nusu kipenyo cha sentimita 20: hicho kinazidisha nguvu mara kumi. Watu kumi wakisukuma kilo 25 kila mmoja wanatoa tani 2.5 kwenye ngoma, na kwa makapi ya mara nane zinakuwa tani 20. Vinara kumi na tatu vya hivyo, vyote vikisukumwa kwa mpigo mmoja, vingetosha kwenye karatasi. Mpigo mmoja ndio usiopatikana: kinara kimoja kikilegea, mzigo wake unahamia kwa jirani ghafla. Kwa hiyo buldoza ilibeba kazi nzito, ikiharibika mara kwa mara na vipuri vikingojewa kwa ndege.

Sehemu ambayo haionekani kabisa ndani ya picha ndiyo iliyoamua kila kitu: nguzo ya nanga. Ni gogo kubwa lililozikwa ardhini juu ya kilima, na makapi yote yamefungwa kwake. Meli ikivutwa juu, nguzo nayo inavutwa chini kwa nguvu ile ile na zaidi. Udongo wa mfinyanzi uliokauka hulishika gogo. Uliolowa hulitema pole pole. Martins aliona kwamba nguzo iliyokuwapo haikuaminika kwa mwinuko ule, akaonya kwamba ikichomoka watu wengi watakufa. Hakusikilizwa kuhusu pembe, akajiuzulu.

Herzog baadaye alisema kazi ilisimama kwa muda, likachimbwa shimo la karibu mita 10, likazikwa gogo lingine ncha yake ikiachwa juu kidogo tu, na kwamba hakumruhusu mtu kukaa nyuma ya meli wakati wa kuvuta. Hizo zilikuwa hatua sahihi. Zilichukuliwa baada ya mhandisi kuondoka, na hapo ndipo tunapotofautiana na wanaomsifu kwa ushupavu. Mhandisi anapokataa kutia sahihi, kazi haihitaji mtu jasiri zaidi. Inahitaji nguzo nyingine, pembe nyingine, au mhandisi wa pili wa kulipitia swali lile lile. Herzog alikuwa na sababu ya kuikataa pembe ndogo: kilima kikisawazishwa sana, picha inapotea na unabaki na shingo ya nchi kavu. Lakini hilo lingeweza kutatuliwa kwa kuikata kazi mara mbili, mwinuko mkali kwa urefu mfupi mbele ya kamera, na mwinuko mpole kwa sehemu isiyoonekana.

Nyaya zilikatika. Herzog ameeleza kwamba waya wa chuma uliokatika ulikuwa mwekundu kwa moto ndani yake, kwa kusuguana nyuzi kwa nyuzi. Waya mnene uliojaa mvutano ukikatika hurudi kama mjeledi, na anayesimama kwenye mstari wake au ndani ya kona ya kapi hana muda wa kuinama. Kanuni ya gati lolote ni hiyo hiyo: hakuna kusimama ndani ya kona ya waya, hakuna kuuvuka waya uliokazwa, na anayetoa ishara ni mmoja tu. Katika kuivuta meli yenyewe hakuna aliyekufa. Waliopoteza maisha walipotelea kwingine, kama kijana mmoja aliyechukua mtumbwi usiku akazama.

Watu, dawa, maji

Safari hii maandalizi ya watu yalikuwa tofauti na ya Wawaim. Wamachiguenga wa Camisea na mamia ya Waasháninka walioletwa kutoka mbali walikaa kwenye kambi yao, timu ya filamu kwenye yake, ili maisha ya kambi moja yasiivuruge nyingine. Malipo yalikuwa dola 3.50 kwa siku, takriban mara mbili ya yaliyokuwa yakilipwa eneo hilo. Les Blank, mtengeneza filamu wa Marekani aliyekuwapo na kamera yake, aliyanasa hayo yote: mpira wa miguu, pombe ya muhogo inayotafunwa na kutemwa ili ichachuke, na uchovu wa watu walioambiwa miezi mitatu ikawa zaidi. Kuchelewa huko ndiko kulikouma. Mtu mwenye shamba anahesabu msimu, na mkataba wa siku haulipi shamba lisilolimwa.

Herzog hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1969 alitengeneza filamu kuhusu madaktari wanaosafiri kwa ndege Afrika Mashariki, na ndani yake wagonjwa wanasita kupanda ngazi chache za gari la kliniki, jambo ambalo waliolileta gari hawakuliwazia hata kidogo. Aliyeona hilo Tanzania na Kenya angetazamiwa kuuliza mapema zaidi Wawaim.

Sanduku la dawa la Camisea linastahili kuangaliwa na kila anayepanga kambi ya mbali. Watu watatu walikwenda mtoni kutafuta mayai ya kasa, wakashambuliwa kwa mishale na Waamahuaca, jamii nyingine ya msituni, walioteremka na ukame. Mwanamume alipigwa shingoni, mwanamke tumboni. Walipasuliwa juu ya meza ya jikoni kwa saa nyingi, wakapona. Dawa ya ganzi ya kambi iliishia hapo. Kisha ikaja zamu ya Pongo de Mainique, korongo ambalo Urubamba hupita kwa kasi kubwa. Meli ya pili iliingizwa humo ikiwa na watu wachache wa kamera, ikagonga mawe, na mpiga picha Thomas Mauch akarushwa na kamera yake mkononi. Mkono ulipasuka kati ya vidole. Alishonwa kwa zaidi ya saa mbili bila ganzi.

Mtu aliyepanga dawa alikuwa amehesabu wafanyakazi wake. Kambi ya mbali yenye daktari ndiyo hospitali ya bonde zima, upende usipende, na akiba huhesabiwa kwa wote watakaobebwa kuletwa, pamoja na fungu lililofungwa ambalo haliguswi bila shehena mpya kuwa njiani. Ndege ndizo zingeleta shehena hiyo, nazo zilikuwa za injini moja kwenye viwanja vya udongo. Mbili zilianguka, watu waliumia vibaya na mmoja alipooza.

Mto wenyewe ulikuwa na ratiba yake. Kiangazi kilipoingia, maji yalishuka mno, na meli zikapwewa. Hakuna buldoza ya kupandisha maji, walingoja mvua. Anayefanya kazi mtoni huanza na jedwali la kina cha maji mwezi kwa mwezi, kisha ndipo hupanga tarehe za waigizaji. Hapa tarehe za waigizaji zilikwisha kuvurugwa na ugonjwa wa Robards, na kila kitu kikasukumwa miezi kadhaa hadi upande mbaya wa mwaka. Novemba 1981 meli iliteremshwa na kushuliwa kwenye Urubamba.

Filamu ilitoka mwaka 1982, ikampa Herzog tuzo ya mwongozaji bora Cannes mwezi Mei.

Kuna kipengele kimoja cha mapatano ya Camisea ambacho hakina picha ndani ya filamu. Wamachiguenga walitaka hati ya ardhi yao. Herzog alimleta mpimaji akachora mipaka, kisha akafuatana na wawakilishi wao wawili hadi Lima kwa Rais Fernando Belaúnde. Anasimulia kwamba walipofika pwani waliionja bahari kuhakikisha ni chumvi kweli, wakajaza chupa wakaenda nayo nyumbani. Hati ilipatikana. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Shell iligundua gesi Camisea, akiba kubwa kuliko zote nchini Peru, na mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba hadi Lima. Wenye mitambo walipofika safari hii, walikuta mpaka umekwisha kuchorwa.